Kujaza Ritani Mwenyewe, Msaidizi Akiwa Kando: Tathmini ya Huduma ya Bure ya VITA

Kuanzia mwisho wa Januari hadi Aprili 15, familia nyingi za kipato cha chini nchini Marekani hutafuta mtu wa kuwajazia ritani ya kodi ya mapato, na si wachache wanaolipia kazi hiyo kwa pesa inayokatwa kwenye marejesho yao hata kabla hayajaingia benki. Mpango wa VITA, ambao mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, IRS, imeuendesha kwa zaidi ya miaka 50 kwa kushirikiana na mashirika ya kijamii, maktaba na vyuo, hufanya kazi hiyo bure kwa watu ambao katika msimu wa 2025 kipato chao kilikuwa takribani dola 67,000 au chini ya hapo. Ninachokitathmini hapa, hata hivyo, si ile huduma yake ya kawaida ambapo unakabidhi karatasi zako na kusubiri kuitwa uweke sahihi. Natathmini huduma dada isiyotangazwa sana, ambapo mwenye ritani ndiye anayekaa mbele ya kompyuta na kujaza, huku mtu wa kujitolea aliyefaulu mtihani wa IRS akizunguka kati ya meza na kujibu maswali. Niliitumia kwa ritani yangu ya mwaka 2024, na pia nilimkalimania jirani yangu, mama wa watoto wawili anayefanya usafi hotelini.

Niseme mapema kwamba kwa mtu aliyeajiriwa, mwenye fomu moja au mbili za W-2 (taarifa ya mshahara wa mwaka anayoitoa mwajiri), sijaona huduma bora kuliko hii, kwa sharti moja tu: msaidizi asiguse kipanya.

Kazi huanza kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye kompyuta. Kila anayeingia huonyesha kitambulisho, kadi za Social Security za wote watakaotajwa kwenye ritani, na fomu zote za mapato. Msaidizi wetu, kijana mtulivu aliyeonekana kuipenda kazi hiyo, alimwomba jirani yangu aiweke W-2 juu ya meza, kisha akamwonyesha visanduku viwili tu kwa kuanzia. Kisanduku cha 1 ni mshahara unaohesabiwa kodi ya serikali kuu, na kisanduku cha 2 ni kodi ambayo mwajiri amekwishakata na kuipeleka. Mama yule alitazama kisanduku cha pili kwa muda, akauliza kwa Kiswahili, nami nikatafsiri: “Mwanangu, kwa hiyo hii ni pesa yangu waliyokuwa wanaishika mwaka mzima?” Kijana akajibu kwamba ndiyo, ni yake, na kwamba ritani ni hesabu ya kuona kama walishika nyingi mno au chache mno. Wale waliomjazia miaka iliyopita walimpa jumla ya mwisho tu, na jumla isiyo na maelezo haimsaidii mtu kujua kama amepunjwa.

Hesabu yenyewe, ukiifuata kwa mkono, haitishi kama inavyosemwa. Chukulia mzazi asiye na mwenza, anayeishi na watoto wake wawili wenye umri wa chini ya miaka 17, aliyepata mshahara wa dola 27,000 mwaka 2024. Akijaza kama mkuu wa kaya anaondolewa dola 21,900 za makato ya kawaida, yaani sehemu ya mshahara isiyotozwa kodi, kwa hiyo zinabaki dola 5,100, ambazo kodi yake kwa kiwango cha asilimia 10 ni takribani dola 510. Nafuu ya watoto, iliyokuwa hadi dola 2,000 kwa kila mtoto mwaka huo, inaifuta kodi hiyo yote na kumwachia dola 3,400, ambazo ndizo kikomo cha kurejeshewa kwa watoto wawili. Juu yake inakuja nafuu ya kipato cha kazi, EITC, iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo kwa kipato hicho ni zaidi kidogo ya dola 6,000. Mzazi huyo anapokea zaidi ya dola 9,000 hata kabla ya kurudishiwa kile kilichokatwa kwenye mshahara. Familia yenye kiasi hicho mezani ina kila sababu ya kujua kimetoka wapi, na ndiyo maana naona uamuzi wa kumweka mwenye ritani kwenye kiti cha mbele ni sahihi, hata kama unachukua muda mrefu zaidi.

Muda, kwa kweli, ndipo huduma hii ilipokwama. Foleni ilipofika mlangoni, msaidizi mwingine alikuja kutuharakisha, akavuta kiti, akashika kipanya na kuanza kubofya kurasa kwa kasi ambayo hata mimi sikuweza kuifuata, sembuse kuitafsiri. Maswali kuhusu watoto yalijibiwa kwa niaba ya mama aliyewazaa. Sikumlaumu kwa nia yake, lakini kuanzia dakika hiyo tulikuwa tumerudi kwenye huduma ya kujaziwa, tena bila kinga yake. Katika VITA ya kawaida kila ritani huhakikiwa na mtu wa pili kabla ya kutumwa. Katika kujaza mwenyewe, mwenye ritani ndiye mhakiki, na makosa ni yake. Nilimwomba kwa adabu aturudishe nyuma kurasa tatu, naye akakubali. Anayekwenda huko asione haya kuomba hivyo.

Hatua iliyowakwamisha wengi siku hiyo ilikuwa ya mwisho kabisa. Anayejituma mwenyewe kwa njia ya mtandao huweka sahihi kwa kuandika mapato yaliyorekebishwa, AGI, ya mwaka uliotangulia, yaani namba iliyo kwenye mstari wa 11 wa fomu 1040, fomu kuu ya ritani, ya mwaka huo. Waliojaziwa na watu wa mitaani mara nyingi hawakupewa nakala, kwa hiyo namba hiyo hawana, na bila hiyo ritani hukataliwa na kurudishwa. (Hao wanaojaza kwa malipo wakakataa kuweka jina na namba yao ya PTIN, ambayo IRS huwapa wanaojaza ritani kwa malipo, kwenye ritani wakimbieni, sheria inawataka waweke.) Kituo kingeokoa jioni nyingi kama kingetaja jambo hili kwenye orodha ya vitu vya kubeba. Vivyo hivyo kwa fomu 1095-A ya walionunua bima ya afya kwa ruzuku kwenye soko la bima la serikali (Marketplace): ukiisahau, ritani inarudi.

Kwa wasomaji wetu kuna jambo jingine ambalo programu haielezi vizuri na ambalo msaidizi mzuri huliona mara moja. Mtoto uliyemwacha nyumbani Afrika, hata kama unamtumia karo na chakula kila mwezi, hahesabiwi kwa EITC wala kwa nafuu ya watoto, kwa sababu sheria inataka awe ameishi nawe kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na kwa EITC iwe ndani ya Marekani. Skrini iliuliza tu kama una watoto, na mzazi yeyote mkweli angejibu ndiyo. Kijana wa kwanza aliuliza hapo hapo wanaishi wapi na nani, na swali hilo moja lilimwokoa mtu wa meza ya jirani asidai asichostahili, maana anayedai EITC kwa kupuuza kanuni anaweza kufungiwa asiidai kwa miaka miwili.

Madereva wa kubeba abiria na wasambazaji wa chakula nisingewashauri waanze hapa. Mapato yao huja bila kukatwa kodi, na faida ikifika dola 400 wanadaiwa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato. Kinachowaokoa ni kumbukumbu za maili walizoendesha kikazi, zilizopunguzwa kwenye mapato kwa senti 67 kwa maili mwaka 2024, na kumbukumbu hizo hazitengenezwi jioni ya kujaza ritani. Mwaka wa kwanza waende VITA ya kawaida na wakae karibu waangalie. Mwaka unaofuata wajaribu wenyewe.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba mafunzo yanaishia pale kitufe cha kutuma kinapobofywa. Kodi inayokatwa kwenye mshahara mwaka mzima huamuliwa kwa sehemu kubwa na fomu W-4 ambayo mfanyakazi humpa mwajiri wake, na hakuna aliyeigusa. Nusu saa ya kueleza W-4, mwezi wa Juni wakati vituo vingi vimefungwa, ingemfaa jirani yangu kuliko ukurasa wowote aliojaza. Lugha nayo ni kikwazo: skrini ilikuwa ya Kiingereza, na bila mkalimani aliyekwenda naye asingefika mbali.

Marejesho yake yalichelewa kidogo, kwa sababu sheria inazuia ritani zenye EITC kulipwa kabla ya katikati ya Februari, lakini hakuwa na wasiwasi kwa kuwa tarehe hiyo alikuwa ameelezwa. Nakala ya ritani ameihifadhi pamoja na hati za watoto, mstari wa 11 ukiwa umezungushiwa kalamu, na msimu ujao amesema atakaa kwenye kompyuta bila mimi, mradi kituo kimpatie mtu wa kumsomea Kiingereza. Nami nimekiandikia kituo kuomba hilo.