"Dada, hayo maji ni pumzi zenu"

Kama unatafuta ukubwa, uzito na rangi zilizopo, kasome kwenye boksi. Mimi nina la moyoni kuhusu hili hema la kuunga ubavuni mwa karavani (ile nyumba ya kuvutwa na gari), lile la kujaza upepo badala ya nguzo, na kuhusu kijana aliyepokea simu yangu kwa muuzaji.

Kwanza nilitendee haki. Kulisimamisha ni raha. Kazi ipo moja tu: kupitisha ule ukingo mnene wa hema ndani ya reli ya karavani, ule mfereji mwembamba wa ubavuni unaolishikilia hema. Mmoja avute, mwingine aulishe taratibu usijikunje, na wa tatu, kwetu ni mume wangu, atoe maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Mara ya kwanza ulikwama katikati, mbele hauendi, nyuma haurudi. Tulipoifuta reli mchanga na kuipulizia silikoni, ukateleza wenyewe. Baada ya hapo ni pampu, vigingi, kamba, basi. Hema liliinuka kama mtu anayeamka usingizini, watoto wakapiga makofi. Siku hiyo ningetoa nyota zote.

Usiku wa pili, au wa tatu, mvua ikanyesha. Alfajiri tone likanidondokea kwenye paji la uso. Nikadhani naota. La pili likaingia sikioni. Nikawasha tochi: paa lote kwa ndani limejaa matone, yamepangana kama jasho juu ya mdomo wa mtu aliyebeba mzigo. Blanketi bichi. Hema jipya!

Kulipokucha nikapiga simu. Nikaanza na salamu, ndivyo nilivyolelewa. Kijana, kwa sauti ni umri wa kitinda mimba wangu, salamu hakuitikia.

"Mlilala wangapi humo?"

Watano.

"Mlifunga madirisha?"

Mvua inanyesha, ningeyaacha wazi?

"Mlichemsha maji ndani?"

Birika moja. Haya, mawili.

Akacheka. Wallahi alicheka. Kisha: "Dada, hema halivuji. Hayo maji ni pumzi zenu."

Pumzi zetu! Nimelipia hema, naambiwa nimejinyeshea mwenyewe. Na hiyo "dada" yake, kana kwamba tulicheza naye kombolela.

Nikamkatia simu. Hasira hasara: nikalikunja hema vilevile lilivyokuwa bichi, nikalisokomeza kwenye mfuko wake ili nikamrudishie usoni. Halafu shughuli zikanibana, likakaa humo wiki mbili, labda zaidi. Nilipofungua zipu, ile harufu! Na kwenye mishono madoa meusi ya ukungu, kama mtu kakung'uta kalamu ya wino. Kosa langu, nakiri, japo nisingelikunja vile kama si yeye.

Nusura nilifue kwa sabuni ya unga. Bahati jirani yetu wa kambini, mzee aliyezeekea kwenye mahema, alikuwa ameshaniasa: sabuni ya kufulia inakula ile dawa inayozuia maji kwenye kitambaa, ukishaiondoa ndipo hema litavuja kwelikweli. Nikatumia sifongo na maji ya uvuguvugu matupu, kisha nikaanika mpaka mikunjo ya ndani kabisa ikakauka. Harufu imekwisha. Madoa mengine nadhani nitazeeka nayo.

Safari iliyofuata nilikwenda na nia moja: kumuumbua yule kijana. Nikafungua vidirisha vya wavu pande zote mbili, birika nikalitoa nje, na chini nikatandika turubai, maana yule mzee alisema hata nyasi mbichi hutoa mvuke usiku. Mvua ikapiga usiku kucha. Asubuhi nikapitisha kiganja paani kwa ndani, nikijiandaa kwa ushahidi. Kikarudi kikavu. Nikapitisha na cha pili.

Kwa hiyo alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma kuliko lile tone la sikioni. Pumzi ya moto ikigusa kitambaa baridi inageuka maji, hata mtoto wa shule anaelewa. Sasa si waandike! Kijitabu chao kimejaa picha za watu wanaocheka juani, mvua haimo.

Nyota basi. Hema, nne. Hapana, tatu, kwa sababu kona moja ya paa inabonyea na kuteka maji kama karai, mpaka uyasukume kwa ufagio kutoka ndani. (Mume wangu anasema ni kwa sababu nilijaza upepo kidogo. Nimeongeza. Dimbwi limekwisha. Sawa, nne.) Huduma kwa wateja, sifuri, na hapo sibadilishi.

Isipokuwa juzi nilimpigia tena, nikitaka kiraka cha mrija mmoja unaopungua upepo. Akapokea yuleyule, ile sauti siwezi kuisahau. Nikanyamaza makusudi, salamu sitoi ng'o.

"Shikamoo, mama," akasema.

Marahaba ikanitoka kabla sijaizuia.