Kuthibitisha hisabati kama gemu: kuandika amri au kuunganisha nyaya?

Natural Number Game ilitolewa mwaka 2019 na Kevin Buzzard na Mohammad Pedramfar wa Imperial College London. Unapewa namba asilia zikiwa karibu tupu: kuna sifuri, kuna "namba inayofuata", basi. Kujumlisha kumefafanuliwa tayari, ila sheria zake unazithibitisha wewe. Umeshapewa kwamba n + 0 = n, halafu unaambiwa uthibitishe 0 + n = n. Utacheka, si ni kitu kile kile? Hapana. Ukiandika rfl, amri ya kusema pande mbili ni sawa, Lean, programu inayokagua uthibitisho ndani ya gemu, inakukatalia. Lazima uanze na sifuri, kisha uonyeshe kuwa ikikubali kwa d, itakubali na kwa inayofuata d. Hapo ndipo utamu ulipo: shuleni njia hii, yaani induksheni, tuliikariri, humu unaihitaji.

The Incredible Proof Machine ya Joachim Breitner (2015) haina hata amri moja ya kuandika. Ni vijisanduku na nyaya: dhana upande huu, hitimisho upande ule, unavuta kwa kipanya mpaka zikutane. Mtoto anaielewa kwa dakika tano. Tatizo ni kwamba uthibitisho ukirefuka, skrini inakuwa kama nguzo ya umeme ya uswahilini, na inakaa zaidi kwenye mantiki kuliko namba.

Mimi ningemwanzishia mgeni nyaya kwa jioni moja, kesho yake nimhamishie kwa Buzzard. Zote zinachezwa bure kwenye kivinjari, ila ya amri inasumbua ukitumia simu.