Msafara wako wa kwanza wa 4x4 kwenda Ziwa Natron: nini ununue kwanza na nini kisubiri

Mtu akialikwa kwa mara ya kwanza kwenye msafara wa magari ya 4x4, swali lake huwa ni winchi gani anunue, yaani ile mashine ya mbele ya gari inayokunja waya ili kulivuta gari lililokwama. Jibu langu ni kwamba winchi iko mwisho kabisa wa orodha, na kwa safari hii asiinunue. Anayekwenda porini peke yake ana sababu ya kuitafuta. Ukiwa na magari manne mbele na nyuma yako, wa kukuvuta yupo. Fedha yako iende kwanza kwenye vitu ambavyo mwenzako, hata awe na moyo gani, hawezi kukuazima: mahali imara pa kufungia kamba kwenye gari lako, matairi yanayoingia kwenye gari lako, na namna ya kuyatoa na kuyajaza upepo. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho.

Naizungumzia njia ya Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ngare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, kwa sababu inafundisha mengi kwa muda mfupi. Ukishaiacha Mto wa Mbu, ukuta wa Bonde la Ufa unakaa mkono wako wa kushoto, na mbele kuna vumbi laini la majivu ya volkano, makorongo ya mchanga, kisha mawe makali ya lava kadiri unavyoukaribia Ol Doinyo Lengai, mlima uliolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Wanaokwenda Ziwa Magadi au jangwa la Chalbi upande wa Kenya wanaweza kuitumia orodha hii bila kubadili mpangilio.

1. Sehemu za kuvutia gari

Inama uangalie chini ya bampa la mbele. Magari mengi tuliyonayo yametoka Japani kwa meli, na vile vipete vyembamba unavyoviona vimewekwa kwa ajili ya kulifunga gari lisitembee melini. Havikutengenezwa kuvuta gari la tani mbili na nusu lililozama mchangani. Kamba ikikazwa kwa kishindo, kipete kinang'oka na kuruka kama risasi kuelekea kwa dereva anayevuta. Hatari ni hiyo hiyo kwa mpira wa chuma wa kufungia trela. Usiufunge kamba ya kunasulia hata kama kiongozi wa msafara anakuharakisha. Nchi nyingine watu wameuawa na mpira huo baada ya kukatika.

Kilicho bora kuliko vyote ni jozi ya kulabu au vipande vya chuma vilivyotengenezwa kwa aina ya gari lako, vinavyofungwa kwenye chasisi kwa boliti zenye alama ya ugumu ya 8.8 au zaidi. Cha pili ni kulabu za kiwandani za Land Cruiser au Hilux, mradi ziwe zimefungwa kwenye chasisi yenyewe na hazijapinda. Cha mwisho ni kipande ambacho fundi wa mtaani amekichomelea kwa kukadiria macho. Mafundi wetu wengi ni hodari, lakini huwezi kuuona udhaifu wa kuchomelea mpaka siku chuma kinapoachia. Nyuma inatosha kuwa na tundu la mraba la trela, ukaingiza humo kipande cha chuma chenye shakeli, yaani pete ya chuma yenye pini ya kufungia kamba.

Nunua shakeli mbili za upinde za milimita 19, zilizochapwa uwezo wa tani 4.75 kwenye chuma chenyewe. Isiyo na maandishi iache dukani, hata ikiwa nene kuliko zenye maandishi.

2. Matairi, na hasa spea

Hapa ndipo fedha nyingi huenda, na ni sawa ziende. Kwa Natron nayaweka matairi ya A/T, yaani ya lami na porini, yenye herufi LT (za magari ya mizigo midogo) mbele ya saizi kuwa namba moja. Ubavu wake ni mgumu, na mawe ya lava hupenda ubavu kuliko mahali pengine popote kwenye tairi. Ya M/T, yale ya matope yenye meno makubwa, nayaweka namba mbili. Yanasaidia sana mvua ikiukuta udongo mweusi wa mbuga, lakini kwenye lami kutoka Arusha yanapiga kelele na yanakula mafuta, na kiangazi hayakupi faida inayolingana na bei. Matairi ya H/T, yaani ya barabara ya lami, yaliyokuja na gari kutoka Japani ni namba tatu: yatafika ukienda polepole, ila usiende nayo bila spea ya pili.

Ukinunua matairi ya mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyochapwa ubavuni. Ikiandikwa 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) nzuri hazikuambii chochote kuhusu mpira uliokauka, kwa hiyo pinda ubavu kwa mikono uangalie kama una mipasuko midogo midogo.

Kuhusu spea, msafara unaweza kukupunguzia gharama ikiwa mtazungumza mapema. Prado na Hilux zina nati 6 kwa kila tairi. Land Cruiser 100 na 200, pamoja na zile za mfululizo wa 70 zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1999, zina nati 5. Defender nayo ina nati 5, lakini nafasi kati yake ni tofauti, haiingiliani na Toyota. Kwa hiyo Prado mbili na Hilux moja, kama saizi za matairi zinakaribiana, zinaweza kuchangia spea moja ya ziada baada ya kuijaribisha kwenye kila gari nyumbani. Mwenye Defender peke yake katika kundi abebe mbili. Ongeza tyubu moja ya saizi yako na kipande cha tairi kuukuu: ubavu ukipasuka kidogo, kipande kinakaa ndani kufunika mpasuko, tyubu inajazwa upepo, na unatoka porini polepole.

3. Geji na pampu ya upepo

Kama ningeruhusiwa kumnunulia kila mgeni wa msafara zawadi moja, ningemnunulia pampu. Asiye na pampu yake haoni raha kutoa upepo, kwa kuwa anajua jioni atawasubirisha wenzake wote. Basi anaingia kwenye mchanga na psi 35 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), anakwama, na msafara mzima unasimama juani. Kupunguza upepo ndiyo dawa ya kwanza ya mchanga: tairi linatanuka, linakanyaga eneo refu zaidi, uzito wa gari unasambaa.

Kwa gari la ukubwa wa Prado, anza hivi: lami inapoishia shuka hadi psi 25 au 28, na kwenye korongo la mchanga laini shuka hadi 18. Chini ya 15 tairi linaweza kutoka kwenye rimu ukikata kona. Ukishashuka, mwendo nao ushuke, kwa sababu tairi lenye upepo kidogo likikimbia linapata joto na kuharibika kwa ndani.

Pampu za madukani ni za aina tatu. Bora ni ya silinda mbili inayobanwa moja kwa moja kwenye betri kwa klipu. Ya silinda moja inayobanwa kwenye betri inatosha kabisa kwa gari moja, na kwa wengi ndiyo ningeichagua. Ya tatu, ndogo ya plastiki inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti, iache. Tundu hilo mara nyingi lina fyuzi ya ampea 15 au chini ya hapo, na pampu yenye nguvu ya kujaza matairi makubwa huhitaji zaidi ya hizo. Muulize muuzaji muda ambao pampu inaruhusiwa kufanya kazi kabla ya kupumzishwa. Iliyoandikwa 30% inafanya kazi dakika 3 katika kila 10, na kwa matairi manne hiyo ni jioni ndefu. Unapojaza, injini iwe inaunguruma.

Geji nunua yako, ya mshale, inayoishia psi 60. Ile inayofika 150 haisomeki vizuri kwenye 18. Usitegemee geji ya kituo cha mafuta.

4. Redio

Kwenye vumbi la Engaruka gari la mbele hupotea kabisa, na kila dereva hulazimika kuacha nafasi kubwa. Simu hazishiki kila mahali. Redio ndiyo inayomwezesha wa mbele kusema kuna shimo kulia, na wa mwisho kusema tairi limekwisha.

Usinunue kabla ya kumuuliza kiongozi wanatumia masafa gani. Redio ya UHF haisikilizani na ya VHF, kwa kuwa ni masafa tofauti, na kuna watu wamefika na redio nzuri isiyoongea na mtu. Ya kufungwa ndani ya gari yenye antena ya nje ndiyo bora. Ya mkononi inatosha kwa safari ya kwanza, ila sauti yake hufifia ndani ya bodi ya chuma, kwa hiyo tafuta antena ya sumaku ya kuweka juu ya paa. Kumbuka kuwa masafa ya redio yanahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Kundi lililopangika huwa limeshalishughulikia, nawe ulizia.

5. Kamba

Magari matano hayahitaji kamba tano. Moja kwa kila magari mawili inatosha, hivyo huenda usihitaji kununua sasa. Ukinunua, chukua kamba ya nailoni inayovutika, inayoweza kurefuka hadi karibu 30% na kulitoa gari mchangani taratibu bila kishindo. Urefu wa mita 9 unafaa, na nguvu ya kukatika iwe mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari lililopakiwa. Kwa Prado yenye mizigo hiyo ni tani 8 au 9. Mkanda wa polista ni wa kukokotea gari lililoharibika barabarani, na huko unafaa sana, lakini haurefuki. Cheni na waya wa chuma sivitaki karibu na mchanga: havina mnyumbuko, mshituko wote unaishia kwenye chasisi, na vikikatika vinaua. Kamba ya katani ya kufungia mizigo ibaki kwenye mizigo.

6. Beleshi, kisha vibao vya mchanga

Beleshi la mpini mrefu kutoka duka la vifaa vya ujenzi ni bora kuliko kile kijembe cha kukunja kinachouzwa kama kifaa cha jeshi. Utachimba ukiwa umelala kifudifudi pembeni ya gari, na mpini mfupi hauufikii mchanga ulio chini ya difu.

Vibao vya plastiki, vinavyowekwa chini ya tairi lililokwama ili lipate pa kushika, ni vizuri na wenzako watakuwa navyo. Kama unanunua, jaribu kukipinda kibao: kisichopinda kabisa ni chepesi kukatika. Chimba kwanza, ingiza kibao mpaka tairi likiguse, ondoka polepole. Tairi likizunguka bure juu yake, meno yake yanayeyuka.

Kuna mahali ambapo hakuna kifaa kinachokusaidia, napo ni ule weupe wa ufukwe wa Natron. Ganda la magadi linaonekana gumu, chini yake ni tope, na gari linaweza kuzama hadi chasisi. Chumvi ile inakula chuma. Zaidi ya hayo, ziwa hili limo kwenye orodha ya Ramsar tangu 2001 na ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Egesha mbali, tembea kwa miguu.

7. Jeki, filta, na mwisho winchi

Jeki iliyokuja na gari inatosha ukiipa ubao mgumu wa kukalia, kama sentimita 30 kwa 30, ili isizame. Jeki ndefu ya kunyanyulia bampa ni hatari kwa asiyeizoea, na bampa la plastiki halina pa kuishikia. Filta ya hewa ya akiba ni bei ndogo na vumbi la huku litaidai, kwa hiyo inunue kabla ya kufikiria snokeli, ile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu.

Winchi, siku utakayoitaka, iwe na nguvu mara moja na nusu ya uzito wa gari lililojaa: ratili 9,500 kwa Prado, 12,000 kwa Land Cruiser ya 70 yenye mizigo. Pamoja na bampa lake itaongeza uzito mkubwa mbele, na springi zitaisikia. Kumbuka pia kwamba tambarare za karibu na ziwa zina miti michache ya kufungia waya wake. Mara nyingi ungeufunga kwenye gari la mwenzako, na huyo mwenzako ana kamba.

Jaza mafuta Mto wa Mbu, na dumu la lita 20 juu yake, kwa maana mchanga unakunywa kuliko lami na mbele usihesabu kituo. Maji weka lita 5 kwa mtu kwa siku, bila kuhesabu ya injini. Beba fedha taslimu za mageti ya halmashauri.

Wiki moja kabla ya kuondoka, yatoe upepo matairi yote manne hadi psi 18 ukiwa nyumbani, kisha yajaze kwa pampu yako hadi 35 mfululizo, ukiipumzisha kama ilivyoandikwa. Ikizima kwa joto kwenye tairi la tatu, irudishe dukani ukiwa bado na risiti.