Sindano ya AT-VM95E na santuri zilizochakaa: uzoefu wangu

Wengi husema santuri iliyochakaa humaliza sindano; ya vinaili haimalizi. Ncha ni almasi, vinaili ni plastiki laini, na mfereji (ule mstari wa sauti ambamo ncha hupita) uliokwisha kulika hauna cha kuitafuna. Kinachoila zaidi ni mchanga. Vumbi la nyumbani lina chembe za mawe, nazo hujikusanya mferejini; ncha ikizipitia huku imekandamizwa, almasi inasagika. Kwa kuwa santuri nyingi kuukuu ni chafu pia, uchakavu ndio unaobebeshwa lawama.

Natumia katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya Audio-Technica AT-VM95E, ile yenye sindano ya kijani, kupigia santuri za inchi 7 za Nairobi za miaka ya 1970, na kwa kazi hiyo naipa alama nzuri. Ncha yake ina umbo la yai, mikroni (sehemu za elfu za milimita) 8 kwa 18 hivi, imebandikwa kwa gundi kwenye kijiti cha alumini. Kampuni inaikadiria saa 300, yaani kama pande 900 za LP (santuri kubwa za albamu) za dakika 20. Uzito unaoruhusiwa wa kuikandamiza ncha kwenye santuri ni gramu 1.8 hadi 2.2. Weka 2.0 na uhakikishe kwa kimizani cha sindano, maana namba za kwenye mkono wa mashine ya santuri hazitabiriki. Wapo wanaoshusha hadi 1.5 wakidhani wanaihurumia santuri. Ncha inarukaruka, inagonga kuta za mfereji na kuziharibu zaidi.

Santuri iliyolika hukwaruza kwenye "s" na "sh", hasa nyimbo za karibu na lebo. Usikimbilie dukani. Piga kwanza santuri unayojua ni nzima. Ikisikika safi, ubovu uko mferejini. Nayo ikikwaruza wakati ncha ni safi na uzito ni sawa, toa sindano hiyo mara moja, kwani almasi iliyopata kona hukata kila santuri inayoifuata. Kwa santuri zilizolika mno napendelea AT-VMN95C, ya ncha ya duara: inaingia kwenye katriji ileile bila bisibisi, haichokonoi kelele sana, na inakadiriwa saa 500.

Santuri za 78 (za kale, zinazozunguka mara 78 kwa dakika), mfano zile za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, ni habari nyingine. Zilitengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, iliyochanganywa na unga wa mawe, nao ulisaga sindano ya chuma ya enzi hizo mpaka ikakaa sawasawa mferejini. Hizi kweli zinakula sindano, na ncha ndogo ya LP huzama hadi chini ikaburuzika kwenye uchafu. Chukua AT-VMN95SP, mikroni 76, gramu 5. Ukirudisha ya kijani ukasahau kushusha uzito, kijiti kinalala na mpira wake wa ndani unaweza usirudi tena.

Kuosha vinaili: maji yaliyotoneshwa sehemu nne (yale ya kuongezea betri ya gari, si asidi jamani!), spiriti ya isopropili sehemu moja, tone la sabuni ya vyombo, kisha suuza kwa maji hayohayo bila kulowesha lebo. Shelaki usiiguse na spiriti, inayeyuka. Sindano ipigwe brashi kavu kutoka nyuma kuja mbele, kila upande ukiisha.

Santuri yenye ufa usiipige kabisa. Ncha iliyobandikwa kwa gundi inaweza kung'oka kwa pigo moja.