Wakala wa mizigo ya China, Barabara ya Saba Dodoma: upakiaji nyota tano, taarifa nyota mbili

Wenzangu wa Majengo na Sabasaba mmekuwa mkiniuliza nani ananiletea sufuria na hotpoti kutoka Guangzhou. Ni wakala mmoja wa Barabara ya Saba. Jina silianiki humu kwa sababu nina ya kumsema. Anayelitaka anifuate dukani.

Ninachompendea ni upakiaji. Mzigo wa meli unalipiwa kwa ujazo, si kwa kilo kama wa ndege, na viwanda vya kule hupenda kuvalisha kila sufuria boksi lake na ile plastiki nyeupe inayomegekamegeka. Hawa ghalani kwao wanavua yote. Sufuria kubwa inameza ndogo, ndogo inameza nyingine, katikati gazeti ili zisikwaruzane. Mifuniko wanaisimamisha pembeni kama sahani kabatini, na matumbo ya hotpoti wanayajaza vijiko na pawa. Kontena lisipojaa haliondoki. Kabla ya kufunga mlango wanakutumia picha. Silipii tena hewa, na yale maplastiki niliyokuwa nachoma nyuma ya duka, majirani wakikohoa, hayapo.

Sasa lawama. Wana bango: "Tunasafirisha bila kuchafua bahari." Nikamuuliza kijana wa kaunta, mwanangu, mnafanyaje? Akacheka, "Mama, hilo fundi ndiye aliyetutungia." Basi mlishushe! Ni kweli tangu Januari 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, limeshusha kikomo cha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na wakaao karibu na bandari wamepata nafuu. Lakini hewa ukaa bado inatoka, na sheria hiyo wala si ya wakala wetu.

La pili ni taarifa. Ukiuliza mzigo uko wapi, jibu ni "uko njiani, mama." Njia gani? Mtoto wa dada yangu ni baharia kwenye meli za makontena, na ndiye aliyenifungua macho. "Mama mdogo, polepole usiigombe," aliniambia. Meli ikipunguza mwendo kwa asilimia 10, nguvu inayotakiwa kuisukuma inashuka kwa karibu asilimia 27, na mafuta ya kila saa hivyo hivyo. Balaa ni meli kukimbia usiku na mchana, halafu kufika na kutia nanga nje kwa sababu gati halina nafasi. Mafuta yameshaungua, na watu wanabaki wanaitazama nchi kavu tu. Halafu gati likipatikana, usingizi ndiyo basi: mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unataka wapumzike angalau saa 10 katika kila 24, lakini anasema siku za kupakua ndizo zinazowachosha kuliko zote.

Kwa hiyo wakala akiniambia "meli imepangiwa kwenda taratibu, tarajia mwisho wa mwezi ujao," nitangoja bila neno. Akiniambia "imekwama nangani," nitaelewa pia. Kinachonikera ni "iko njiani" wakati wateja wa harusi wameshalipa nusu.

Kutoka Dar mzigo unakuja kwa fuso, unafika salama. Kuchukua nendeni na guta lenu. La kwao bei yake ya Majengo ni ya kukomoana. Jumamosi wanafunga saa sita mchana.