Kabla ya kununua kitabu cha kumfundishia mtoto kusoma, tazama b na d zimewekwa wapi

Wazazi wanaowaanzishia watoto kusoma nyumbani hapa Mwanza, kuanzia Buhongwa mpaka Kirumba, wanalalamikia jambo moja: kitabu kimekwisha, mtoto anakitaja chote bila kukosea, lakini ukiziba picha kwa kiganja anakaa kimya. Hapo mzazi huanza kuhisi mtoto wake ni mzito. Mara nyingi mtoto hana shida yoyote. Amekariri picha, kwa sababu kitabu hakikumpa kitu kingine cha kushika.

Rangi, jalada na ugumu wa karatasi kila mnunuzi anaviona mwenyewe dukani. Kisichotazamwa ni mpangilio wa herufi: ipi inatangulia, ipi inafuata, na kati ya herufi mbili zinazochanganya kuna kurasa ngapi.

Vijitabu vingi vinavyouzwa steshenari na mezani kwa machinga vinafuata alfabeti: a, b, ch, d, e. Alfabeti inasaidia kutafuta neno kwenye kamusi. Anayeanza kusoma inamponza. Mtoto wa miaka mitano amezoea kwamba kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea kushoto au kulia. Ghafla anaambiwa hiki kijiti chenye tumbo upande wa kulia ni b, na tumbo likihamia kushoto ni d. Akikutana na zote mbili katika wiki moja, atazichanganya, na pengine atazichanganya mpaka darasa la pili. m na n nazo ni hivyo hivyo, na kwa hizo si umbo tu, hata sauti zake ni ndugu.

Kwetu Kanda ya Ziwa kuna jozi ya tatu ambayo mtunzi wa kitabu aliye mbali haifikirii: l na r. Katika Kisukuma kubadilisha l na r hakubadilishi maana ya neno, kwa hiyo mtoto anayelelewa na bibi anayeongea Kisukuma huenda hajawahi kuhitaji kuzitenganisha sikioni. Kwenye Kiswahili anazihitaji: kula si kura, na mahali si mahari. Ukikuta kitabu kimeweka la le li lo lu na ra re ri ro ru kwenye kurasa zinazotazamana, kirudishe rafuni.

Kisha kuna maneno yenyewe. Kwenye herufi m wanachora mtumbwi, kwenye s wanachora sangara. Mtoto aliyefika m kwa alfabeti hajafundishwa t, u wala w, na mb hajaiona kabisa. Afanye nini zaidi ya kutazama picha? Na akisema "boti", utamlaumu?

Mpangilio unaofaa Kiswahili huanza na irabu tatu, a, i, u, kisha m na k. Kwa herufi hizo tano tu mtoto anasoma mama, kaka, kuku, kiu, ua, mimi. Ongeza t na l: taa, kiti, kula, lala, lima. Zifuate o, e na s, na sasa anasoma samaki na sato, maneno ya nyumbani kwake, bila kubahatisha hata herufi moja. n ije hapo, baada ya m kupata wiki tatu au nne za kukaa. Halafu b, ikifuatiwa na w, j, h, y, p, z, f, v, g, na d baada yake. r iwe ya mwisho kati ya herufi moja moja. Ndipo ch, sh na ny, kisha mb, nd, ng, nj, nz, kisha mw, bw, kw, na mwishoni kabisa th, dh, gh na ng'. Sangara na mtumbwi watasubiri, hakuna hasara.

Maneno kama mti na mtoto yasiletwe kabla silabi za kawaida hazijakaa sawa. Herufi m ina tabia mbili: katika m-to-to inasimama peke yake, mtoto anapiga makofi matatu, katika mbu-zi imeungana na b, makofi mawili. Kitabu kinachovichanganya vyote chini ya somo moja la m kinamfundisha mtoto kusoma "mutoto".

Kipimo cha dukani kinachukua dakika tano. Fungua somo la nane. Andika pembeni herufi zote zilizofundishwa kuanzia la kwanza hadi hilo. Chagua maneno kumi ambayo mtoto anatakiwa kuyasoma hapo, ukague kila neno. Yakizidi mawili yenye herufi ambazo bado hazijafundishwa, usinunue.

Sasa vitabu vyenyewe, kwa daraja ninazovipa.

Nafasi ya kwanza naipa Jolly Phonics, na sifichi upendeleo wangu. Ni programu ya kufundisha kusoma Kiingereza, imetoka Uingereza, na kitabu chake cha mwalimu kipo tangu mwaka 1992. Ina sauti 42 katika makundi 7, inaanza s, a, t, i, p, n, ili mtoto aunge maneno tangu kundi la kwanza. Hesabu mwenyewe: kati ya d na b wameweka g, o, u, l, f. Kati ya n na m kuna nne. Kati ya r na l kuna tano. Hiyo ni kazi ya watu waliofikiri. Nunua kitabu cha mwalimu peke yake, kwa sababu ndani yake mna karatasi za mazoezi za kutolewa kopi, na uliza toleo la herufi za chapa, si lile la herufi zenye mikia. Darasani hufundishwa sauti moja kwa siku. Nyumbani fanya tatu kwa wiki, utamaliza kwa wiki 14.

Lakini mtoto asianze nayo kama nyumbani mnaongea Kiswahili. Mpe kwanza Kiswahili miezi mitatu au minne, kwa mpangilio niliouandika hapo juu, kwa kadi za manila za kukata mwenyewe. Ukifundisha lugha zote mbili kwa pamoja, i na e zitamvuruga, na ai ambayo kwa Kiswahili ni silabi mbili ataambiwa ni sauti moja.

Nafasi ya pili ni vitabu vya KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vinafundisha sauti ya herufi na siyo jina lake, na unaweza kuvifungua kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo na kuvipima kabla ya kutoa hata shilingi. Vimekusudiwa mwalimu aliye mbele ya darasa, kwa hiyo sehemu za kazi za vikundi utaziruka.

Ya tatu ni African Storybook. Hii haifundishi herufi, ni hadithi za kujisomea za mtandaoni, zipo nyingi kwa Kiswahili, bure, na leseni yake inaruhusu kuchapa. Zina ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi za kusomewa na mkubwa. Chapa za ngazi ya kwanza tu, na subiri mpaka mtoto afike ny na mb, maana hadithi hizo hazikufuata mpangilio wowote wa herufi.

Programu za kishikwambi, Kitkit School na onebillion, zilishinda kwa pamoja shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019 baada ya kujaribiwa kwa Kiswahili vijijini Tanga kwa miezi 15. Ni nzuri kwa marudio. Hazitamrekebisha mtoto anayetamka kura akimaanisha kula. Hiyo ni kazi yako.

Vijitabu vya alfabeti vya bei ya chini na chati za ukutani: chati ibandike kama pambo, kijitabu kiache.

Kuhusu wauzaji, hili linaudhi kweli. Vitabu vinafungwa nailoni ili mnunuzi asifungue, halafu anaambiwa kilichofunguliwa hakirudi. Mtu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, amepanda meli, amekuja mjini siku moja, anarudi na kitabu ambacho hajaona ukurasa wake wa pili. Wengine wanakulazimisha kununua seti nzima wakati unahitaji kitabu kimoja. Kuna "toleo jipya" ambalo kilichobadilika ni jalada. Januari bei inapanda kwa sababu wanajua huna pa kukimbilia; nunua Septemba au Oktoba. Na kopi za Jolly Phonics zilizotolewa kwa mashine kisha zikafungwa upya zinauzwa kama halisi: vishale vya kuonyesha kalamu ianzie wapi vimefutika, na bila vishale hivyo mtoto anaandika b akianzia tumboni, njia fupi kabisa ya kuigeuza d.

Kama kitabu cha alfabeti tayari kiko nyumbani, kinaokoleka. Toa pini za katikati na ukate kwenye mkunjo kwa wembe. Kila karatasi itakuwa na herufi mbili, moja mbele na moja nyuma, hivyo toa kopi za upande mmoja mmoja. Ziba picha kwa vipande vya karatasi vilivyogundishwa juu tu, ili vifunuliwe baada ya mtoto kusoma. Panga kurasa upya kwenye faili la springi: a, i, u, m, k mwanzoni, d mbali na b, na r nyuma ya herufi zote za peke yake.