Samli, mkia wa kondoo au mafuta ya figo: ununue yapi, kwa kazi gani

Samli nunua ikiwa tayari, kwa sababu kijiko na pua vitakuambia kama ni nzuri. Mafuta mengine ya mnyama yanunue mabichi, yakiwa bado vipande, ukayayeyushe mwenyewe. Yaliyokwisha kuyeyushwa na kutiwa kwenye chupa ya soda hayakaguliki: hujui yametoka kwa mnyama gani, wala kama yamekwisha kukaangia kitu. Kwa Mwislamu hilo peke yake latosha kuyaacha.

1. Samli ya ng'ombe

Nyumba itakayonunua kopo moja tu ichukue hii. Inaingia kwenye pilau, biriani, chapati na maharage, na halua bila samli si halua. Huvumilia moto hadi karibu nyuzijoto 250 kabla ya kutoa moshi. Siagi huungua mapema zaidi kwa sababu bado ina protini ya maziwa. Ughali wake una hesabu: kwa maziwa yenye asilimia 4 ya mafuta, kilo moja ya samli hula lita 25 hivi. Ukiuziwa kwa bei ya mafuta ya mimea, basi umenunua mafuta ya mimea.

Chota kidogo kwa kijiko kikavu uweke kiganjani. Samli huyeyuka upesi kwa joto la mwili. Mafuta ya mimea yaliyogandishwa huchelewa, na mdomoni huacha utando kwenye kaakaa. Chembechembe ni dalili nzuri, ila samli laini si lazima iwe ya uongo, huenda ilipozwa haraka tu. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa utaikuta nusu chembe chini, nusu majimaji juu. Hiyo si kasoro. Rangi ya njano hutokana na majani mabichi aliyokula ng'ombe, kwa hiyo kiangazi hupauka. Ikiwa ya muuzaji mmoja ni njano kali mwaka mzima, mwulize anatia nini. Samli ya mbuzi ni nyeupe, usiikatae kwa hilo.

Ukishuku imechanganywa na unga au viazi, yeyusha kijiko kimoja, iache ipoe, kisha tia matone mawili ya iodini ya duka la dawa. Ikigeuka bluu iliyoiva, ina wanga.

Kasoro ya kawaida kuliko zote ni maji. Ipashe: ikiruka na kupasukapasuka, haikuiva. Hiyo inaokoleka. Irudishe kwenye moto mdogo mpaka povu litulie na machicha ya chini yawe ya kahawia hafifu, uichuje. Iliyochacha na kunuka kama rangi ya ukutani haina dawa. Harufu ya moshi ni jambo jingine: wafugaji hufukiza vibuyu vyao kwa vijinga vya moto, na wapo wanaoitafuta samli ya namna hiyo tu. Huko Ankole, Uganda, samli hupigwa na maji na chumvi ya mwamba hadi iwe nyeupe, ikawa mchuzi wa eshabwe. Kwa pishi hilo ubora wa samli hauna pa kujificha.

2. Mkia wa kondoo

Kondoo wekundu wa Kimasai na wale wa Kisomali wenye kichwa cheusi huhifadhi shahamu kwenye mkia na matako. Ni laini kuliko ya figo, kwa hiyo hufaa kupikia na kupaka. Wamasai huwapa wanawake waliojifungua. Agiza bucha mapema asubuhi, na chagua mweupe au wa maziwa, usio na damu iliyovilia.

Kilo moja iweke kwenye friza nusu saa ili ikatike vizuri. Toa nyama na damu yote, kata vipande vya sentimita moja hadi mbili. Tia kwenye sufuria nzito pamoja na nusu kikombe cha maji. Maji huzuia vipande kushika chini kabla mafuta hayajatoka. Moto mdogo, saa moja na nusu hadi mbili, ukikoroga mara kwa mara. Mafuta yakiwa na weupe wa maziwa, maji bado yamo. Yakiwa maangavu na vipande vimekauka, epua na uchuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Moto mkali huyafanya machungu. Ukifunika yakiwa moto, mvuke hudondoka ndani na baada ya wiki chache unakuta ukungu.

3. Mafuta ya figo ya ng'ombe

Rahisi kwa bei, magumu, na mazuri sana kwa kukaangia viazi. Yeyusha vilevile. Chakula chake kiliwe moto, kikipoa hugandia mdomoni. Kaskazini mwa Kenya, nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa ndogondogo, ikaanikwa na kukaangwa, huzamishwa ndani ya mafuta na kukaa miezi.

4. Mafuta ya nguruwe

Kwa wanaoyala, hayana haja ya kununuliwa: kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hujitoa mafuta yenyewe. Yachuje tu.

Ya kuacha kabisa

Mafuta ya simba na ya chatu. Huenda ni ya ng'ombe yaliyopewa jina. Yakiwa ya kweli, Tanzania umebeba nyara za serikali.

Kwa ngozi na kuchua

Visigino vilivyopasuka, midomo na viwiko: paka mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevu, maana mafuta huzuia maji yasitoke, hayaleti maji. Ya figo ni magumu, changanya sehemu tatu na moja ya mafuta ya ufuta. Kuchua kifua cha mwenye kikohozi kunampa ahueni kwa joto la mkono, lakini ugonjwa haujaguswa.

Kitovu cha mtoto mchanga usikipake samli wala mafuta yoyote; huingiza vijidudu, pepopunda ikiwamo. Usimdondoshee puani wala kumlazimisha kumeza, kwa kuwa yakienda mapafuni huleta nimonia. Jeraha jipya la moto lataka maji yanayotiririka dakika 20. Mafuta hufungia joto ndani.

Kuhifadhi

Chupa ya kioo au chuma kisichoshika kutu, kavu kabisa, mbali na mwanga. Chombo cha shaba huharakisha kuchacha. Samli iliyoiva hukaa miezi sita au zaidi kabatini. Mafuta ya kondoo na ya figo, pwani, yaweke kwenye friji. Chota kwa kijiko kikavu.